Kuficha namba ya simu: nani haioni, nani bado anaiona

Kuficha namba ni kuiomba kampuni ya simu isimwonyeshe unayempigia namba yako. Simu yake inaita kama kawaida, ila pale ambapo lingetokea jina au namba yako anakuta maneno kama "Namba ya faragha" au "Haijulikani". Wengi hudhani namba imefutika. Haijafutika.

Unapopiga, mtandao wako huipeleka namba yako hadi kwenye mtandao wa unayempigia, ikiwa na maelekezo: ionyeshwe au isionyeshwe. Ukificha, kinachobadilika ni maelekezo tu. Mtambo unaomhudumia mpigiwa unaipokea namba, unaona imekatazwa kuonyeshwa, basi unaizuia isifike kwenye simu yake. Ndiyo sababu hata programu za kutambua wapigaji kama Truecaller haziambulii kitu. Hazina namba ya kutafuta. Lakini kampuni ya simu inayo kwenye kumbukumbu zake, na vyombo vya sheria vikiihitaji kwa utaratibu uliowekwa huipata. Katika nchi nyingi namba za dharura nazo humwona mpigaji hata akiwa amejificha, na ni vizuri iwe hivyo. Kwa hiyo anayetukana watu kwa namba iliyofichwa amejificha kwa anayemtukana tu.

Kwa simu moja tu, kwenye mitandao mingi unaanza na reli, 31, reli, kisha namba unayoipigia: #31# na tarakimu zinafuata papo hapo. Marekani hutumia *67, Uingereza 141. Simu inayofuata itaonyesha namba kama kawaida, na mimi naona njia hii ndiyo salama zaidi, maana ukificha moja kwa moja ni rahisi kusahau, halafu ukashangaa kwa nini ndugu hawapokei.

Ukitaka kuficha kila simu, nenda kwenye mipangilio. Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya Simu, utafute sehemu ya kuonyesha namba yako, uizime. Kwenye Android, fungua programu ya kupigia, gusa vile vidoti vitatu, ingia mipangilio. Kuanzia hapo kila mtengenezaji ana mahali pake, mara nyingi chini ya huduma za ziada. Ikiwa sehemu hiyo imefifia na haibonyezeki, au inaleta ujumbe wa hitilafu, usihangaike kuwasha na kuzima simu: huenda kampuni yako haijakufungulia huduma hiyo, waulize wao. Kujua hali ya laini yako ilivyo sasa, piga *#31#.

Haya yote ni kwa simu za kawaida. Ujumbe mfupi unaondoka na namba yako. WhatsApp nayo hupiga kwa intaneti, kwa hiyo hizo reli na nyota haziigusi. Pia usichanganye kuficha na kughushi: tapeli anayefanya simu yake ionekane inatoka benki hajaficha namba, ameweka ya uongo.

Mwalimu anayempigia mzazi kwa simu yake binafsi ana sababu nzuri ya kuficha. Ajue tu kwamba mzazi hawezi kumpigia tena simu ikikatika, na huenda asipokee kabisa, kwani simu nyingi sasa zinaweza kupangwa zizime mlio wa wapigaji wasiojulikana au ziwakatae.