Mfumo wa kusimamia maudhui: maana yake, na maktaba ya chuo kikuu iuchague vipi

Mfumo wa kusimamia maudhui, ambao wengi tumezoea kuuita CMS, ni programu inayokaa kwenye seva na kumwezesha mtu asiyejua HTML, yaani lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kuongeza, kurekebisha na kuondoa yaliyomo kwenye tovuti. Anaingia kwa nenosiri, anaandika tangazo kama anavyoandika barua kwenye kompyuta, anabonyeza kitufe cha kuchapisha, basi. Maandishi yake yanahifadhiwa kwenye hifadhidata. Sura ya tovuti, yaani rangi, nembo na mpangilio, inakaa kando kwenye kiolezo. Msomaji akifungua ukurasa, mfumo unavichukua vyote viwili na kuviunganisha papo hapo.

Kiini cha dhana nzima kimo katika kutenganisha huko. Mimi nilikielewa kwa uchungu, kwa jambo dogo tu la saa za kufungua na kufunga.

Maktaba moja niliyofanyia kazi ilikuwa na tovuti ya kurasa zilizoandikwa moja moja kwa mkono. Saa za kazi zilionekana mahali panne: ukurasa wa mwanzo, chini kabisa ya kila ukurasa, kwenye maelezo kuhusu maktaba, na kwenye mwongozo wa wanafunzi wapya. Wiki za mitihani tuliongeza muda hadi saa 6 usiku. Ukurasa wa mwanzo ukabadilishwa, ule wa mwongozo ukasahaulika, ukaendelea kusema tunafunga saa 2 usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akauamini. Usiku ule umeme ulikatika mabwenini, naye akakaa gizani na mtihani uko kesho yake, ilhali sisi jenereta inanguruma na viti vimebaki vitupu. Aliponisimulia sikuwa na la kumjibu.

Kwenye mfumo uliopangwa vizuri, saa hizo huandikwa mara moja tu, tena si kama sentensi bali kama taarifa yenye sehemu zake: siku, saa ya kufungua, saa ya kufunga. Kurasa zote nne huchota hapo. Ukibadilisha pale, pote pamebadilika. Kwa tovuti yenye lugha mbili faida ni kubwa zaidi, kwa sababu 8:00 ya Kiingereza ni saa 2 kwetu, na kila anayezigeuza kichwani atateleza siku moja. Taarifa ikihifadhiwa mara moja, kiolezo kinaweza kuonyesha kila lugha kwa hesabu yake.

Sasa niseme CMS si nini, maana hapa ndipo kamati nyingi hupotea njia. CMS si katalogi. Katalogi, uazimaji na kumbukumbu za wanachama ni kazi ya mfumo wa maktaba wenyewe, kama Koha, iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1999 na kuanza kutumika Januari 2000 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua. CMS si hifadhi ya tasnifu na makala za wahadhiri pia. Kazi hiyo ina programu zake, hasa DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na MIT, chuo kikuu cha Marekani, pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Msomaji haoni mipaka hii wala hana sababu ya kuijua. Kwake yote ni tovuti ya maktaba. CMS ni baraza ya nyumba: mgeni anapokewa hapo, anaelekezwa chumba anachokitaka. Kwa hiyo kuulizia kama CMS fulani inaweza kuazimisha vitabu ni kupoteza muda. La kuulizia ni kama itabeba kisanduku cha kutafuta kinachompeleka msomaji moja kwa moja kwenye katalogi, na kama itaweza kupokea orodha ya vitabu vipya au tasnifu mpya kutoka mifumo hiyo bila mtu kunakili kwa mkono.

Majina yanayotajwa zaidi ni matatu: WordPress, Drupal na Joomla. Zote ni programu huria, yaani za bure na zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, na zote zimeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Joomla ina undugu nasi, kwani jina lake ni neno letu jumla, lililochukuliwa mwaka 2005 na watengenezaji waliojitenga na CMS nyingine iliyoitwa Mambo na kuliandika kwa tahajia ya Kiingereza. WordPress ilianza mwaka 2003 kwa ajili ya blogu, na urahisi wake wa kuandika na kuchapisha umebaki hadi leo. Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert, ina nguvu zaidi pale unapotaka aina nyingi za taarifa zenye sehemu maalumu: saa za kazi, hifadhidata za majarida, wakutubi na masomo wanayoyahudumia, vyote vikiunganishwa.

Kwa uwezo, mimi naipenda Drupal. Hata hivyo singeishauri kwa maktaba isiyo na mtaalamu wa programu wa kudumu, na sababu yangu ni historia yake. Drupal 7 ilitoka Januari 2011. Drupal 8 ilipokuja mwaka 2015, kuhama hakukuwa kusasisha tu, kulikuwa sawa na kujenga tovuti upya. Drupal 7 ikaacha kuhudumiwa Januari 2025, na yeyote aliyebaki nayo bila kupata msaada wa kulipia akakosa marekebisho ya usalama. Programu ya bure haidai ada ya leseni, lakini inadai mtu. Fundi aliyejenga tovuti kwa mkataba wa miezi mitatu akiondoka na hakuna aliyerithi ujuzi wake, maktaba imeachiwa mzigo.

Ipo pia LibGuides ya kampuni ya Springshare, iliyoanza mwaka 2007 kwa miongozo ya masomo, ambayo maktaba kadhaa za vyuo Marekani zimeifanya tovuti yao nzima. Wakutubi huizoea haraka kwa sababu imetengenezwa kwa ajili yao. Inalipiwa kila mwaka, kwa hiyo anayeichagua awe na uhakika wa bajeti ya mwaka wa tano, si wa kwanza tu.

Mara nyingi, kusema kweli, uamuzi umeshafanywa: chuo kina CMS yake na maktaba imepewa sehemu. Hilo silo baya. Kitengo cha TEHAMA kitashughulikia seva, nakala rudufu na masasisho ya usalama. Ila wakutubi wapewe ruhusa ya kuandika na kuchapisha wenyewe. Kila mfumo mzuri una ngazi za ruhusa. WordPress, kwa mfano, ina mchangiaji anayeandika lakini hawezi kuchapisha mpaka mhariri apitishe. Kama kila tangazo linahitaji barua kwenda jengo jingine na kusubiri siku nne, hapo CMS imewekwa lakini haifanyi kazi iliyotengenezewa.

Kuna mambo mawili ninayoyasisitiza popote ninapoulizwa. Kwanza kiolezo kiwe chepesi, kwa sababu mwanafunzi anafungua tovuti kwenye simu kwa bando lake, na picha kubwa zinazojigeuza juu ya ukurasa zinalimaliza kabla hajafika kwenye katalogi. Pili mfumo uwakumbushe waandishi kuweka maelezo ya maandishi kwa kila picha, ili msomaji asiyeona naye asomewe na kompyuta yake.

Kabla ya kusaini chochote, waketisheni wakutubi wawili wasiopenda kompyuta mbele ya kila mfumo mnaoufikiria, bila mafunzo. Wapeni kazi tatu: kubadilisha saa ya kufunga ya Ijumaa, kuweka tangazo lenye faili la PDF, na kuondoa tangazo lililopitwa na wakati. Nyinyi kaeni nyuma yao, msiwasaidie, andikeni tu wanapokwama. Kisha fungueni simu mtazame ile saa ya Ijumaa imebadilika mahali pangapi.