Dirisha lako halivuji, linatoka jasho

Simu huwa inaanza hivi: "Fundi, dirisha langu linavuja, njoo uliangalie." Nikiuliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, kimya. Halafu, "Aaa, kama wiki mbili zilizopita." Hapo hata sijatoka nyumbani nishajua naenda kukuta nini: maji yamejikusanya chini ya kioo, raba imejaa madoadoa meusi, na rangi ya ukuta pale kwenye kona imeanza kutoa magamba.

Hilo sio kuvuja, ni jasho. Hewa yoyote ina mvuke ndani yake, na hewa ya joto inabeba mwingi kuliko ya baridi. Kwenye nyuzi 20 mita moja ya ujazo inaweza kubeba kama gramu 17 za maji, ukiishusha mpaka nyuzi 10 inabeba kama 9 tu, sasa hizo nyingine zinaenda wapi? Zinatua kwenye kitu cha baridi kilicho karibu, na mara nyingi hicho kitu ni kioo. Chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 60 kinaweka umande kwenye chochote chenye nyuzi 12 kwenda chini, na usiku wa baridi kioo cha tabaka moja kinafika huko mapema tu. Fremu ya alumini ya kizamani ndo usiseme, ile inapitisha baridi kutoka nje moja kwa moja. Na ukiangalia vizuri utaona maji yanaanzia chini kwenye kona, kwa sababu hewa iliyopoa inashuka, kwahiyo kona za chini ndo sehemu ya baridi kuliko zote, na ukungu, yale madoadoa meusi, unaanzia hapohapo.

Watu huwa wananibishia hapa. "Maji yote haya yametoka wapi, mbona hatumwagi maji chumbani?" Jamani, mnapumua! Mtu aliyelala anatoa kama gramu 40 za maji kila saa kwa pumzi na ngozi, wawili kwa saa nane wanapita nusu lita. Sasa chumba cha mita za ujazo 30, hewa yake yote ikiwa nyuzi 20 haiwezi kushika zaidi ya hiyo nusu lita, na kabla hamjalala tayari ilikuwa imeshabeba zaidi ya nusu ya uwezo wake. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, pazia zito limeshushwa (na pazia linazuia joto la chumba lisifike kwenye kioo, kioo kinazidi kupoa). Ongeza nguo zilizoanikwa ndani, mzigo mmoja wa mashine unaweza kutoa lita mbili hivi mpaka ukauke. Na gesi ya mtungi, hii wengi hawaijui, kilo moja ikiungua inazalisha kama lita moja na nusu ya maji, hujahesabu hata mvuke wa sufuria.

Zamani nilikuwa nashauri watu wabadilishe dirisha. Kuna mama mmoja alinisikiliza akaweka vioo vya tabaka mbili, raba mpya, kila kitu kimebana vizuri. Kioo kikakauka kweli, nikajiona bingwa. Miezi michache baadaye ananiita, tunasogeza kabati, ukuta wa nyuma mweusi tii kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti. Lile dirisha bovu lilikuwa linapitisha upepo kwenye nyufa na linanasa maji mahali panapoonekana, mimi nikaziba njia ya mvuke, nao ukahamia ukutani. Siku hizi kitu cha kwanza kuweka ni kile kipimo kidogo cha unyevu chumbani, kisome asilimia 40 mpaka 60. Kikishinda juu ya 70, sigusi dirisha kwanza.

Dawa ni kutoa mvuke nje. Asubuhi fungua madirisha mawili yanayotazamana, wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, ufunge. Hewa inabadilika na kuta hazijapoa. Hata kama nje kunanyesha na kuna baridi fungua tu, hewa ya nyuzi 5 iliyoloa chepechepe ukiiingiza ndani ikapata joto la nyuzi 20 unyevu wake unashuka chini ya asilimia 40. Ila nje kukiwa na joto na unyevu mwingi hiyo mbinu haifanyi kazi, hapo ni mashine ya kukausha hewa. Sufuria ifunikwe, feni ya bafuni iendelee kidogo baada ya kuoga, kabati lisogee sentimita kadhaa kutoka ukutani.

Kusafisha sasa. Usisugue ukungu mkavu, unaurusha hewani. Vaa glavu na barakoa, tumia kitambaa chenye maji na sabuni, kausha. Blichi kwenye kioo na vigae sawa, lakini usiichanganye na siki wala dawa yenye amonia, inatoa gesi ya sumu. Silikoni iliyokwisha kuwa nyeusi kwa ndani haitakati hata usugue mpaka kesho, ikate uweke nyingine. Na kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuvalisha shati tu.

Kama bado unabisha kwamba maji yanatoka ukutani, bandika karatasi ya foili kwenye ukuta mkavu, ziba kingo zote kwa tepu, iache siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani ni jasho, yakiwa upande wa ukutani basi kweli ukuta una shida na uanze na paa au bomba. Tofauti na hayo ni ukungu wa mvuke ulio katikati ya vioo viwili, ule unaoufuta ndani hautoki, unaufuta nje hautoki. Hapo sili ya kioo, ile inayoziba kingo zake, imekufa, hewa ya chumbani haihusiki, unabadilisha kioo na fremu unaiacha.