Hashtegi ni nini, na kwa nini nyingine huishia hewani

Hashtegi, au alama ya reli kama wengine wanavyoiita kwa kuwa # inafanana na reli iliyolazwa juu ya mataruma, ni neno au fungu la maneno yaliyoshikamanishwa na kutanguliwa na alama hiyo. Kazi yake ni moja: kuuambia mtandao kwamba chapisho hili liwekwe pamoja na mengine yenye neno hilohilo. Anayeibofya hupelekwa palipokusanywa machapisho yote ya namna hiyo, hata ya watu asiowafuata wala kuwajua. Kwa maneno mengine, ni lebo ya jalada. Maandamano, kampeni na vita vya mashabiki ni mambo ambayo watu wameyajaza ndani ya jalada hilo, na malalamiko mengi kwamba "hashtegi hazisaidii kitu" yanatokana na kuitaka lebo ifanye kazi ambayo mtu hajaifanya.

Alama yenyewe haikuanza na harakati. Katika IRC, mfumo wa mazungumzo ya kompyuta ulioanza 1988, # iliwekwa mbele ya jina la chumba cha maongezi. Tarehe 23 Agosti 2007 Mmarekani Chris Messina aliandika Twitter akiuliza watu wanaonaje kuitumia alama hiyo kwa ajili ya makundi, akatoa mfano wa #barcamp. Wenye kampuni hawakuchangamka. Miezi miwili baadaye moto wa nyika ulipowaka San Diego, Marekani, watu wakapeana taarifa chini ya #sandiegofire, na hapo manufaa yakaonekana: aliyetaka kujua moto umefika wapi hakuhitaji kumfuata mtu yeyote, alitafuta lebo tu. Twitter ilisubiri hadi 2009 ndipo ikaifanya hashtegi iwe kiungo cha kubofya. Instagram ikafuata 2011, Facebook 2013. Messina hakuisajili kama mali yake, kwa hiyo hashtegi haina mwenyewe. Yeyote aweza kuianzisha, na yeyote aweza kuingia ndani yake akasema la kwake. Kampeni zimeinuka kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo zimetekwa.

Kuiunda kuna kanuni chache, na Kiswahili kina mitego yake. Hashtegi huishia pale mtandao unapokutana na nafasi au alama ya uandishi. Ukiandika #Maji Safi, kinachoshikwa ni #Maji. "Safi" linabaki nje kama neno la kawaida. Kistari, nukta na alama ya mshangao hukata vivyo hivyo. Kwetu sisi mkorofi zaidi ni ritifaa ('): andika #Ng'ombeWetu kisha uangalie rangi ya maandishi, utaona kiungo kimeishia kwenye #Ng na "ombeWetu" limeachwa likielea. Ama uepuke maneno yenye ng', ama uiache ritifaa na uvumilie watakaokusahihisha tahajia. Kistari cha chini (_) hakina shida. Tarakimu peke yake, kwenye X (ndiyo Twitter ya zamani), hazigeuki kiungo: #2030 haifanyi kazi, #Mpango2030 inafanya.

Herufi kubwa mashine haizijali. #Majisafi na #MajiSafi ni jalada moja. Msomaji ndiye anayezihitaji. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alipofariki Aprili 2013, hashtegi iliyosambaa iliandikwa kwa herufi ndogo tupu, #nowthatchersdead (now Thatcher's dead, yaani sasa Thatcher amekufa), na baadhi ya watu wakaisoma now that Cher's dead, kama taarifa ya kifo cha mwanamuziki Cher, wakaanza kumwomboleza akiwa mzima wa afya. Lugha yetu inayogandisha viambishi ina hatari hiyo maradufu. Hebu soma #tunatakamaji: tunataka maji, au tuna taka, maji? Weka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno na utata unakwisha. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: watu wasioona hutumia programu zinazosoma skrini kwa sauti, na programu hizo hutenganisha maneno kwa kufuata herufi kubwa. Bila hizo, hashtegi husomwa kama neno moja lisilo na maana.

Urefu unaofaa ni maneno mawili au matatu. Zaidi ya hapo watu hukosea herufi moja, na herufi moja ikikosewa ni jalada jingine. Kampeni yenye tahajia mbili zinazoshindana imejigawa kabla mpinzani hajafanya lolote. Na kabla ya kuitangaza, itafute kwanza. Huenda tayari ni jina la timu ya mpira, duka la vipodozi au wimbo mpya, nawe utakuwa mgeni katika nyumba ya watu.

Sasa tuje kwenye kuvuma, maana hapa ndipo dhana inapoeleweka vibaya kuliko popote. Wengi hudhani orodha ya mada zinazovuma ni hesabu ya machapisho: mwenye mengi yuko juu. Sivyo. Orodha hiyo hupima zaidi kasi ya kupanda kuliko jumla. Mwaka 2010 jina la mwimbaji Justin Bieber lilikuwa haliondoki kwenye orodha ya Twitter kwa sababu mashabiki wake walikuwa wakimtaja kila siku bila kuchoka, na kampuni ikarekebisha hesabu ili ipendelee kinachopanda ghafla kuliko kinachosemwa muda wote. Ngoma ivumayo haidumu, na hapa mashine imeundwa kuhakikisha haidumu. Machapisho 2,000 ndani ya saa moja yana nafasi kubwa kuliko machapisho 10,000 yaliyotandazwa kwa wiki nzima. Ndiyo maana kundi linaloandika jambo zito mwaka mzima hujiona limezuiwa kwa makusudi, wakati mchekeshaji aliyeteleza kauli jana usiku yuko namba moja asubuhi. Kuzuiwa kupo pia, lakini mara nyingi ni kasi tu. Isitoshe, orodha hutofautiana kwa mahali na kwa mtumiaji. Kinachovuma kwenye simu yako huenda jirani yako hajakiona.

Mashabiki wa muziki waliielewa siri hii mapema kuliko wanaharakati. Kundi la mashabiki lililojipanga huteua hashtegi siku moja kabla lakini haliitumii. Hupeana onyo kwamba asiandike mtu mpaka saa iliyopangwa, ili mstari upande kutoka sifuri. Saa ikifika wanaandika kwa pamoja, kila mmoja kwa maneno yake, kwa kuwa maandishi yaleyale yakinakiliwa na mamia ya akaunti mtandao huyashuku kuwa takataka. Hashtegi huwa moja kwa kila chapisho, mbili zikizidi sana. Yule anayebandika kumi na tano chini ya picha hajaongeza sauti. Amejitia kwenye majalada kumi na tano ambako hakuna anayemtafuta.

Lakini kuvuma ni kuonekana tu. Chukua #OscarsSoWhite, iliyoanzishwa na April Reign Januari 2015 baada ya nafasi zote 20 za kuwania tuzo za uigizaji za Oscar kwenda kwa wazungu. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na hashtegi ikarudi na nguvu zaidi. Januari 2016 Akademia inayotoa tuzo hizo ikatangaza lengo la kuongeza maradufu idadi ya wanachama wake wanawake na wa jamii zilizoachwa nyuma ifikapo 2020, na katikati ya mwaka huo ikaalika wanachama wapya 683. Angalia mambo yaliyokuwamo: chombo kimoja kinacholaumiwa, chenye jina na uwezo wa kubadili kanuni zake, ushahidi unaohesabika na ambao hauna ubishi, na tukio linalorudi kila mwaka, kwa hiyo hata hashtegi ikilala hupata siku ya kuamka. Sasa linganisha na hashtegi ya aina ya #TumechokaSasa. Nani amelaumiwa? Anatakiwa afanye nini, lini? Anayeisoma anakubali kwa kichwa, anabofya moyo, anaendelea kuteleza na kidole chake. Sioni ajabu kwamba hizi ndizo nyingi, kwani ni rahisi kuzitunga na hazimkosanishi mtu na yeyote.

#MeToo ("mimi pia") nayo hutajwa kama muujiza wa mtandao, ilhali ina historia ndefu. Tarana Burke alianza kutumia maneno hayo 2006 katika kazi yake ya kuwasaidia waliodhulumiwa kingono. Yalilipuka mtandaoni tarehe 15 Oktoba 2017 baada ya mwigizaji Alyssa Milano kuwaomba waliopatwa na hayo wajibu kwa maneno hayo mawili, siku chache tu baada ya New York Times na New Yorker kuchapisha uchunguzi wao kuhusu mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein. Waandishi walikuwa wamekusanya majina, nyaraka na mashahidi kwa miezi mingi. Hashtegi ilionyesha ukubwa wa tatizo. Isingeweza kufanya uchunguzi ule.

Kwa kuwa haina mwenyewe, hashtegi hutekwa. Januari 2012 McDonald's ililipia #McDStories ikitarajia wateja wasimulie mazuri. Wakasimulia waliyoyakuta kwenye chakula, na ndani ya saa mbili kampuni ikaiondoa kwenye matangazo yake. Juni 2020 mashabiki wa muziki wa Korea Kusini waliifurika #WhiteLivesMatter ("maisha ya wazungu yana thamani"), iliyotumiwa kuipinga #BlackLivesMatter ("maisha ya watu weusi yana thamani"), kwa video za waimbaji wao hadi aliyetaka kuitumia kwa nia yake ya awali hakuweza kupata kitu. Huko ni kutekwa na mpinzani. Kibaya zaidi ni kutekwa na rafiki. Tarehe 2 Juni mwaka huohuo, katika siku iliyoanzia ndani ya biashara ya muziki wa Marekani, mamilioni ya watu walibandika picha ya mraba mweusi Instagram kuonyesha mshikamano, na wengi wakaitia #BlackLivesMatter. Lebo hiyo ilikuwa ikitumiwa kupeana habari za maandamano ya kupinga polisi kuua watu weusi. Aliyeifungua asubuhi ile akitafuta taarifa alikuta miraba myeusi, ukurasa hadi ukurasa. Nia ilikuwa njema kabisa. Jalada lilijazwa karatasi tupu. Ilitosha kutumia hashtegi tofauti kwa mshikamano na kuiacha ya taarifa ibaki ya taarifa, na wanaharakati walilazimika kuwaomba watu hivyo siku ileile.

Vyombo vya habari vina dhambi yao. Siku hizi taarifa nyingi huanza kwa "watumiaji wa mitandao wamekasirishwa", kisha zinafuata picha za machapisho manne. Hashtegi ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta shahidi, ila hakuna aliyechagua nani aandike na nani asiandike, kwa hiyo wingi wake hauwezi kusomwa kama kura ya maoni. Kabla ya kuamini kwamba umma umesema, fungua machapisho kwa mpangilio wa muda na uangalie mambo manne. Kwanza, akaunti ngapi: machapisho 5,000 kutoka kwa akaunti 4,000 ni watu, machapisho 5,000 kutoka kwa akaunti 60 ni ofisi ya mtu. Pili, tarehe za kufunguliwa kwa akaunti hizo. Nyingi zikiwa za mwezi mmoja, shuku. Tatu, sentensi zinazojirudia neno kwa neno pamoja na kosa lilelile la tahajia, kwani anayelipwa kunakili hunakili na makosa. Nne, hao waandishi huongea nini siku nyingine? Mtu wa kweli ana timu anayoishabikia, msiba, utani, malalamiko ya umeme. Akaunti ya kukodi haina maisha.

Thamani ya hashtegi imeshuka pia kwa sababu mitandao imebadilika. Mashine za sasa husoma maneno yote ya chapisho, hutambua picha na sauti, na humletea mtu kitu kwa kufuata alichokitazama jana, awe amefuata lebo au la. Mwishoni mwa 2024 Instagram iliondoa uwezo wa kufuata hashtegi, na Juni 2025 X ikazipiga marufuku kwenye matangazo ya kulipia. Bado zinafaa sana kwa tukio lenye muda wake: mkutano, mechi, kipindi cha televisheni kinachoweka lebo yake pembeni mwa skrini, kesi inayosikilizwa leo. Hapo watu wanajua watafute neno gani.

Kama unaendesha kampeni, anza kuhifadhi siku ya kwanza. Machapisho hufutwa, akaunti hufungwa, na kiungo kilichokuwa na ushahidi wa video hufunguka kikiwa tupu. Picha ya skrini pekee haitoshi kwa kuwa huhaririwa kirahisi. Hifadhi pamoja nayo anwani kamili ya chapisho, jina la akaunti, tarehe na saa, na nakala ya faili lenyewe inapowezekana, vyote katika jedwali moja lenye mtu anayewajibika kulijaza kila jioni.