“Jina Letu Lina Herufi E Mwishoni”: Dhana Potofu Kuhusu Koo za Devon

Wiki iliyopita mteja mmoja aliketi mbele yangu, akafungua daftari lake, na kabla sijamwuliza neno akanionya nisipoteze muda wangu kwa watu wanaoitwa Northcott, kwa kuwa wao ni Northcote, wenye herufi e mwishoni. Nafanya kazi ya kufuatilia nasaba mjini Exeter, makao makuu ya kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kauli ya namna hiyo nimeisikia kwa majina mbalimbali mara nyingi mno. Miongoni mwa wateja wangu wamo pia Waswahili waliorithi cheti cha babu Mwingereza na wanaotaka kujua alitoka kijiji gani, nao huja na dhana zilezile za wenyeji. Kwa ajili yao nimeona niyaandike majibu haya mara moja.

“Tahajia ya jina letu haijawahi kubadilika”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waipite rekodi ya babu yao wenyewe wakiwa wameishika mkononi. Mpaka katikati ya karne ya 19, mkulima au kibarua wa Devon aghalabu hakuwa na desturi ya kuandika jina lake. Alikuwa na desturi ya kulitamka tu. Walioliandika walikuwa wengine: kasisi, karani wa parokia, mtoza kodi, karani wa mahakama, na baadaye mwandikishaji wa sensa. Kila mmoja aliandika alichosikia, na huenda kasisi alikuwa mgeni kutoka kaunti nyingine, mwenye elimu ya Oxford na sikio lisilozoea lafudhi ya watu wa nyanda za Dartmoor. Sheria ya ndoa ya 1753, iliyoanza kutumika Machi 1754, iliwataka maharusi watie saini au alama katika rejista. Ukizifungua rejista hizo utakutana na alama za msalaba ukurasa baada ya ukurasa, na mtu anayetia msalaba hana namna ya kumsahihisha karani aliyekwisha kuandika jina lake.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kulishangaa jambo hili. Kwetu mtu mmoja huwa Hamisi katika daftari la mwalimu wa shule yake ya msingi, akawa Khamis katika pasipoti na Hamis katika kadi ya benki, na hakuna jirani hata mmoja anayedai kuwa hao ni watu watatu. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayeitikia majina yote matatu, akifika kwenye rejista za Kiingereza, huzikagua herufi kama afisa wa uhamiaji.

Devon ina mambo yake pia. Katika lafudhi ya zamani ya huku, sauti ya f mwanzoni mwa neno iligeuka v, na s ikasikika kama z. Ndiyo maana Fowler wa kwingineko ni Vowler hapa, na Fenn, jina la mtu aliyekaa karibu na kinamasi, ni Venn. Sauti ya h nayo iliachwa palipotakiwa na kuongezwa pasipotakiwa, tukapata Ellacott na Hellacott. Kijiji cha Widecombe kimezaa Widdicombe na Widdecombe, na katika familia moja nimeona watoto watatu wa baba mmoja na mama mmoja wakibatizwa katika kanisa moja, ndani ya miaka sita, kwa tahajia tatu. Hakukuwa na ugomvi wa kifamilia, bali makarani walibadilishana zamu.

Wateja wengine hukubali kwamba wakulima waliandikwa ovyo, lakini hudai kwamba watu wa hadhi walikuwa na tahajia ya kudumu. Mwana maarufu kuliko wengi wa kaunti hii, baharia na mpendwa wa Malkia Elizabeth I, alizaliwa East Budleigh, na vitabu vya leo humwita Walter Raleigh. Yeye mwenyewe alikuja kupendelea kutia saini Ralegh, na watu wa zama zake walimwandika kwa namna kadhaa wa kadhaa. Ikiwa mtu aliyeandika mashairi na historia ya dunia hakuikabidhi dunia tahajia moja, sioni kwa nini tuidai kwa mchunga kondoo.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Julius Drew, mfanyabiashara aliyetajirika kwa maduka ya vyakula mwishoni mwa karne ya 19. Mtafiti wa nasaba alimshawishi kwamba alitokana na Drogo, bwana wa Kinormani wa karne ya 12 ambaye jina lake limo katika kijiji cha Drewsteignton hapa Devon. Drew alinunua ardhi karibu na kijiji hicho, akamwajiri msanifu majengo Edwin Lutyens, na kati ya 1911 na 1930 ikajengwa Castle Drogo, ngome ya mawe ya matale juu ya bonde la mto Teign. Katika kipindi hicho pia aliongeza herufi e kwenye jina lake, akawa Drewe. Ngome ipo, unaweza kuitembelea. Ninachowaomba wateja wakiwa njiani kuitembelea ni wakumbuke umri wa ile e: ni ya karne ya 20, na ililetwa na mtu aliyejua kusoma, kuandika na kulipa mawakili.

Kwa hiyo nawashauri wote jambo moja, ambalo wengi huliona la kitoto mpaka walijaribu. Kabla ya kufungua rejista, litamke jina kwa sauti, polepole kisha haraka, ukiacha h, ukigeuza f kuwa v, ukimeza irabu ya katikati. Andika kila sura inayotoka kinywani. Ukipata chini ya kumi, hujatamka vya kutosha. Katika kutafuta kwa kompyuta, weka alama ya nyota (*), inayosimama badala ya herufi yoyote, mahali pa irabu zote. Kumbuka pia kwamba faharasa za kisasa zimeandikwa na watu wanaosoma mwandiko wa kale, ambamo n na u hufanana na s ndefu hudhaniwa kuwa f, kwa hiyo jina huweza kuwa limeharibika mara mbili kabla ya kukufikia. Kinachomtambulisha mtu ni parokia, umri, jina la mke, kazi, shamba alilokaa na mashahidi wa ndoa yake. Herufi zije mwisho.

Nikiwa hapohapo: neno alias katika rejista za Devon halina maana ya uhalifu. Familia nyingi hapa ziliandikwa kwa majina mawili yaliyounganishwa na neno hilo la Kilatini, wakati mwingine kwa vizazi kadhaa, kwa sababu mama aliolewa tena, au mtoto alizaliwa nje ya ndoa, au shamba lilirithiwa kutoka upande wa mama. Ni zawadi kwa mtafiti, na watu huitazama kama aibu.

“Sote wenye jina hili ni ukoo mmoja”

Inategemea jina, na Devon ni mahali pazuri pa kuiona tofauti. Sehemu kubwa ya kaunti ilikaliwa kwa mashamba yaliyotawanyika, kila moja likiwa na jina lake: yale yanayoishia na cott yalikuwa makao madogo, yenye worthy yalikuwa viwanja vilivyozungushiwa ua, yenye combe yalikuwa mabondeni. Mkazi aliitwa kwa shamba lake, na jina likamganda hata alipohama. Galsworthy, kwa mfano, linarudi kwenye shamba katika parokia ya Buckland Brewer, na mwenye jina la namna hiyo ana haki ya kutumaini kwamba wenzake ni ndugu. Lakini kuna mtu anayeitwa Ford, au Down, au Weekes, anayetaka nimwonyeshe kijiji alikotoka babu wa kwanza. Vivuko, vilima na vitongoji vyenye majina hayo vimejaa kaunti nzima, na kila kimoja kiliweza kuzaa ukoo wake.

Tucker ni mfano wa aina nyingine. Tucker alikuwa mtu wa kukanyaga na kupigapiga nguo ya sufu iliyotoka kwenye kitanda cha mfumi, ili ishikamane na kunenepa. Kazi hiyohiyo kaskazini mwa Uingereza ilimpa mtu jina la Walker, na kusini-mashariki ikampa Fuller. Devon iliishi kwa sufu. Jengo la chama cha mafundi hao, Tuckers Hall, limesimama Exeter tangu 1471. Jina Tucker basi linakuambia upande wa nchi, na halikuambii ukoo. Wala halikuambii kazi ya babu uliyempata katika karne ya 17. Katika orodha ya walipa kodi wa Devon ya 1332 bado unakutana na watu wanaoelezwa kwa mahali wanapoishi, lakini kufikia 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoagiza kila parokia iweke rejista ya ubatizo, ndoa na mazishi, majina mengi yalikuwa yamekwisha kurithishwa kwa vizazi kadhaa, na Tucker angeweza kuwa mhunzi, mchinjaji au kasisi.

Suala la nembo ya ukoo halihitaji aya ndefu. College of Arms ya London, iliyopewa hati yake 1484, humpa nembo mtu fulani, na inarithiwa na uzao wake halali. Hakuna nembo ya jina. Kikombe ulichonunua kwenye duka la zawadi ni kikombe.

“Nyaraka zote za Devon ziliungua vitani”

Hapa kuna ukweli uliovimba. Mapema Mei 1942, usiku wa kuamkia tarehe 4, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Exeter, na ofisi ya mirathi iliyohifadhi hati za wosia za Devon na za kaunti jirani ya Somerset ikateketea. Ni hasara kubwa, na kila anayetafiti kaunti hii huihisi. Rejista za parokia, hata hivyo, hazikuwa katika jengo hilo. Wakati ule nyingi zilikuwa bado makanisani, na zilizo nyingi zimesalimika. Leo zinasomwa katika hifadhi za nyaraka za Exeter na Barnstaple, na zile za eneo la Plymouth katika jengo la The Box.

Hata hati za wosia zenyewe hazikupotea zote. Waliokuwa na mali ya kutosha, au iliyotawanyika, mara nyingi wosia wao ulithibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na nakala ziko Hifadhi ya Taifa huko Kew. Kuna nakala zilizopelekwa kwa watoza ushuru wa mirathi kuanzia 1812 hadi 1857, ambazo baadaye zilirudishwa katika kaunti. Kuna rejista za ushuru huo kuanzia 1796. Na kuna muhtasari wa hati nyingi alioufanya Olive Moger kabla ya vita, mwanamke ambaye, kwa maoni yangu, anastahili sanamu mjini humu kuliko baadhi ya waliosimamishiwa.

Wengine huuchanganya moto huo na ule wa Desemba 1942 uliounguza sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales huko Hayes, karibu na London, ambao haukutokana na mabomu. Sensa ya 1921 ipo na imefunguliwa tangu 2022. Ya 1941 haikufanyika kabisa. Pengo hilo huzibwa kwa rejista ya raia iliyoandikwa Septemba 1939.

Jibu fupi zaidi ni la yule anayeniambia kwamba babu yake hayumo katika rejista ya kanisa, kwa hiyo hakuzaliwa Devon. Kaskazini-magharibi mwa kaunti kulikuwa na Bible Christians, madhehebu yaliyoanzia Shebbear mwaka 1815, na walikuwa na rejista zao. Wapo pia Wabaptisti na wengineo. Tafuta huko. Na miti ya nasaba iliyonakiliwa mtandaoni kutoka mti mwingine ulionakiliwa kutoka mwingine, tafadhali usiniletee kabla hujaiona picha ya ukurasa wa rejista yenyewe.

“Mwaka ni mwaka”

Si kabla ya 1752. Mpaka wakati huo mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari 1720 katika rejista inafuata Desemba 1720, na kwa hesabu yetu ni Januari 1721. Bibi mmoja alikuja kwangu amefadhaika, kwa kuwa amekuta mama mmoja wa kale katika ukoo wake alibatizwa Januari 1720 ilhali wazazi walioana Juni 1720, na alikuwa ameficha karatasi hizo asizione mumewe. Nilimweleza kuhusu kalenda, akashusha pumzi, akanishukuru sana kwa kuirudisha heshima ya familia. Kuhesabu miezi kutoka Juni hadi Januari nilimwachia mwenyewe.