Gemu za footy: kandanda ya Australia inavyochezwa kwenye skrini

Gemu za footy ni gemu za video zinazoiga kandanda ya Australia, mchezo uliozaliwa Melbourne na kuandikiwa kanuni zake mwaka 1859. Waaustralia wenyewe huuita footy, na gemu zake nyingi hubeba jina la ligi kuu ya huko, AFL. Ukikutana na AFL 23 kwenye duka la PlayStation, usiinunue ukidhani ni soka la Australia. Si soka, wala si raga, ingawa mpira wake una umbo la yai.

Tuanze na uwanja. Ni wa duaradufu, na urefu wake unaweza kufika mita 185. Kila upande wa kufungia una nguzo nne zilizosimama bila mwamba wa juu. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita katikati ya nguzo mbili ndefu, ni goli, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, au ukigonga nguzo ndefu, unapata pointi 1 tu. Ndiyo maana kwenye kona ya skrini utaona namba kama 12.8 (80): magoli 12, pointi mojamoja 8, jumla 80. Usiposoma namba hizi vizuri utacheza robo nzima ya mechi hujui kama unaongoza au unaongozwa.

Kurusha mpira kwa mkono hairuhusiwi. Mchezaji anaushika kwa mkono mmoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono wa pili, au anaupiga kwa mguu. Kukimbia nao anaweza, mradi kila mita 15 audundishe au auguse chini. Na hakuna kuotea. Hiyo kanuni moja inaamua karibu kila kitu ndani ya gemu.

Kwenye raga au kandanda ya Marekani, timu mbili zinatazamana, na mtengeneza gemu anajua adui yuko upande gani. Kwenye soka, kuotea kunawabana washambuliaji. Kwenye footy, watu 36 wametapakaa uwanja mzima, kila mmoja anaweza kuwa mbele, nyuma au ubavuni mwako, na wewe unamwongoza mmoja tu kwa pedi yako. Waliobaki 35 wanaongozwa na kompyuta. Ikiwapanga vibaya, wote wanaukimbilia mpira kama watoto wa chekechea, na ukitaka kupiga pasi ndefu hakuna wa kuipokea. Kamera nayo ina shida zake: ikikaa karibu humwoni mwenzako aliye huru mita 50 mbele, ikikaa mbali wachezaji wanakuwa wadogo mno.

Lakini mimi gemu ya footy naipima kwa mdako. Mpira uliopigwa kwa mguu ukaenda angalau mita 15, ukidakwa kabla haujagusa chini wala kuguswa na mtu mwingine, aliyedaka anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kwa hiyo watu wanaugombea angani, na kanuni zinamruhusu mtu anayeufuata mpira kwa dhati kupanda mgongoni kwa mpinzani, goti begani, na kuudaka juu ya kichwa chake. Hakuna kinachowasimamisha mashabiki wa Melbourne kama hicho. Kukiweka kwenye gemu ni kazi ngumu: miili miwili au mitatu inaruka kwa wakati mmoja, inagusana, na mpira unashuka kwa pembe yake. Kwa kawaida mchezaji anatakiwa kujiweka sehemu sahihi, kisha abonyeze kitufe mpira unaposhuka. Ukiwahi, unaruka hewa. Ukichelewa, mwenzako keshaupata. Gemu ikilipatia hilo, mengine nayavumilia, hata nyuso za wachezaji zikiwa kama za mdoli.

Soko lake ni dogo. Australia ina watu wasiofika milioni 30, na kwenye majimbo ya New South Wales na Queensland wengi wanapenda zaidi raga ya ligi (rugby league). Nje ya nchi hiyo wanunuzi ni wachache. Kwa hiyo kampuni kubwa za dunia zimegusa na kuondoka, na kazi imebaki mikononi mwa studio za Melbourne, watu waliokua wakiutazama mchezo wenyewe. Beam Software ya mjini humo ilitengeneza Aussie Rules Footy kwa ajili ya mashine ya Nintendo mwaka 1991. EA Sports iliingia na AFL 98 na AFL 99, zilizotengenezwa Uingereza na Creative Assembly, studio ambayo baadaye ilijulikana kwa gemu za vita za Total War. Haikuendelea. IR Gurus ya Melbourne ikashika usukani miaka ya 2000, ikakumbana na kufilisika kwa Acclaim, kampuni iliyokuwa ikichapisha gemu zake, mwaka 2004. Baadaye zikaja Big Ant na AFL Live ya mwaka 2011, halafu Wicked Witch na AFL Live 2 na AFL Evolution, zote zikiwa studio za Melbourne pia.

AFL Evolution 2 ilitoka Aprili 2020, wakati ligi yenyewe imesimamishwa kwa sababu ya korona baada ya raundi moja tu. Kwa wiki kadhaa, aliyetaka footy mpya aliipata kwenye skrini tu. Humo mlikuwa pia na timu za AFLW, ligi ya wanawake iliyoanza mwaka 2017.

AFL 23 ya Big Ant ilitoka Mei 2023 ikiwa na hitilafu nyingi, na wa Xbox wakasubirishwa. Mashabiki walilalamika sana, na walikuwa na haki. Wa soka akichoshwa na gemu moja anahamia nyingine. Hawa walikuwa na moja tu mpya, na ilipoharibika hawakuwa na pa kukimbilia.

Ukitaka kuanza, punguza muda wa robo, maana mechi halisi ina robo nne za dakika 20 kila moja, na muda uliopotea unaongezwa juu yake. Kisha ingia AFL 23 uchague timu ya Port Adelaide, umtafute Aliir Aliir kwenye safu ya ulinzi. Huyu alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, na mwaka 2021 aliteuliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Sifa yake kubwa ni kudaka mipira mirefu ya wapinzani kabla haijawafikia washambuliaji wao. Mwache akae nyuma, usimkimbize kila mpira, na ukiona mpinzani amepiga mrefu, msogeze chini ya mpira halafu ungoje ushuke.