Isobari: Mistari ya Uzito wa Hewa

Ukitazama ramani ya hali ya hewa utaona mistari iliyopindapinda, mingine imejifunga kama pete, kila mmoja na namba yake ya hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa: 1008, 1012, 1016. Hizo ni isobari. Kila mstari hupita mahali ambapo mgandamizo wa hewa ulikuwa sawa wakati vipimo vilipochukuliwa.

Jina ni la Kigiriki: isos ni sawa, baros ni uzito. Na ni uzito kweli, kwa sababu barometa hupima uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Evangelista Torricelli wa Italia alilidhihirisha hilo miaka ya 1640 kwa zebaki: hewa ya usawa wa bahari huhimili safu ya zebaki ya takriban milimita 760.

Msiba ndio uliozipa isobari kazi ya kila siku. Novemba 14, 1854, wakati wa vita vya Krimea, dhoruba ilivunja meli za Waingereza na Wafaransa katika Bahari Nyeusi. Mwanaastronomia Mfaransa Urbain Le Verrier alipoagizwa kuchunguza, alikuta dhoruba ile ilikuwa imekwisha kupita Ulaya. Onyo lililotumwa kwa telegrafu lingeweza kuitangulia. Mwaka 1863 ramani zenye isobari zikaanza kuchapishwa Paris.

Kuzichora kunataka uangalifu. Barometa ya Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, husoma kama hektopaskali 830, huku ya Mombasa ikikaribia 1013. Namba hizo zikichorwa zilivyo, tutapata ramani ya miinuko tu. Kwa hiyo kwanza hurekebishwa, kana kwamba kila kituo kiko ufukweni.

Isobari zikisongamana, upepo huwa mkali. Lakini kwetu, karibu na ikweta, tofauti za mgandamizo ni ndogo na athari ya mzunguko wa dunia ni hafifu, hivyo upepo haufuati mistari hiyo kama unavyofanya Ulaya. Mtabiri wa huku lazima achore pia mikondo ya upepo wenyewe. Hata hivyo, chanzo cha kusi huonekana wazi: katikati ya mwaka mgandamizo mkubwa hutanda kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, na hewa yake husukumwa kaskazini hadi pwani yetu.