Kukata Springi Hakuzai Gari la Michezo

"Fundi, nikatie springi raundi moja na nusu, nataka iwe spoti." Maneno haya nimeyasikia hapa gereji Unga Limited, Arusha, mpaka siku hizi nayajua kabla mteja hajazima injini. Gari huwa Altezza, au Mark X, au Impreza. Mwenye gari huwa kijana wa watu, ananipa shikamoo yake vizuri na pesa amejibana kuipata. Basi sigombi, naeleza. Ila nimechoka kueleza mmoja mmoja.

Gari la michezo liko chini, hilo halina ubishi. Liko chini kwa sababu lilichorwa chini tangu kwenye karatasi: injini imelazwa chini, kiti kiko chini, na mikono inayoshika matairi imepangwa kwa kimo hicho hicho. Gari lililochorwa kwa kimo kingine ukilikata springi, kilichoshuka ni bodi peke yake. Vingine vyote vimebaki vinashangaa.

Chukua springi yenye raundi 6 zinazofanya kazi, kata moja na nusu. Springi ikipungua raundi inakuwa ngumu zaidi, na hapo ugumu umepanda kwa theluthi moja. Mteja akisikia "ngumu" anatabasamu, anadhani ndiyo spoti yenyewe. Lakini shokapu ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani, imechoka, na hata ilipokuwa mpya ilipimwa kwa springi ya kiwandani. Haiwezi kuituliza hii mpya. Gari linadunda, na tairi likiwa hewani, hata kwa kitambo kidogo, halishiki lami, halikati kona wala halifungi breki. Juu ya hapo, nafasi ya tairi kupanda imekwisha. Toka Tengeru mpaka Boma Ng'ombe, kila tuta shokapu inagonga ile raba yake ya juu. Raba ikisagika ni chuma kwa chuma, na kishikio cha shokapu huko juu kinafuata.

Kwa Impreza na Vitz kuna jambo jingine ambalo vijana hawaamini mpaka nipige jeki nimulike tochi. Mguu wa mbele wa magari hayo ni wa MacPherson, yaani shokapu na springi ni nguzo moja, na mkono uko chini tu. Mkono wake wa chini, likiwa kwenye kimo chake, unatoka kwenye fremu ukishuka kidogo kuelekea tairini. Shusha bodi kupita kiasi na mkono unageuka, unapanda kuelekea tairini. Hapo ile nukta ambayo bodi huizunguka ikilala kwenye kona inazama haraka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Kwa hiyo gari ulilolishusha ili lisilale kwenye kona linavutwa kulala zaidi ya mwanzo, na springi ngumu ndiyo inayokuficha usione. Altezza haina MacPherson. Ina mikono ya juu na ya chini mbele na nyuma, mpangilio wa maana sana kwa gari la bei yake. Hiyo ukiishusha, matairi yanainamia ndani. Ukisimama pembeni unaona kashata ya tairi nzima kabisa. Ingiza mkono upande wa pili, vidole vinakutana na nyuzi za chuma za tairi.

Wanaokata kwa moto wa gesi ndio wananimaliza. Moto ukipita kwenye chuma cha springi unakilainisha pale ulipogusa, na springi hiyo itazama au itakatika siku isiyo na taarifa. Anayekata kwa grinda ana nafuu, lakini ncha aliyoiacha haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Juzi nilinyanyua gari la namna hiyo, matairi yakaning'inia, nikaizungusha springi kwa vidole viwili. Haijashikwa na kitu. Mwenye gari alikuwa ametoka nalo Moshi asubuhi hiyo, na barabara anaijua.

Hao wenye kutengeneza magari ya michezo kweli kweli wanafanyaje? Lotus ya Uingereza ilipotoa Elise mwaka 1996, gari lilikuwa na kilo kama 725 na injini ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 118 tu. Na watu wa Lotus wanasifika kwa springi laini zinazosimamiwa na shokapu nzuri, tairi lifuate barabara ilivyo. Wanaweza kuzilainisha kwa sababu gari ni jepesi na liko chini tayari. Halihitaji ugumu wa kulizuia lisilale. Gari lako lina tani moja na nusu, chalii wangu. Hutaifikia Elise kwa grinda.

Ukishupaa lazima lishuke, nunua springi na shokapu zilizotengenezwa pamoja kwa ajili ya modeli yako, zishushe sentimita mbili au tatu, na siku hiyo hiyo peleka alaimenti, matairi yapimwe yanavyokaa. Mimi nikiulizwa nasema acha kimo kilivyo, weka shokapu nne mpya na bushi zote. Wengi hawapendi jibu hilo kwa sababu halionekani kwenye picha. Lakini waliolikubali wanarudi wakisema gari limekuwa jingine.

Mkia sasa, maana anayekata springi huwa ana spoila kwenye buti ya gari, imefungwa kwa gazeti, inasubiri kutobolewa. Spoila ni kifaa halali. Porsche iliweka ule mkia wa bata kwenye 911 Carrera RS 2.7, modeli ya 1973, kwa sababu gari lile lina injini nyuma kabisa na kwenye mwendo mkali upepo ulikuwa unalinyanyua upande huo. Kazi ya upepo inakwenda kwa mraba wa mwendo: kinachopatikana kwenye 200 kwa saa, kwenye 50 ni sehemu moja ya 16. Na 50 ndiyo sheria yetu kwenye makazi. Porsche wenyewe, 911 ya 1989 waliipa mkia unaojitokeza wenyewe gari likifika kilomita 80 kwa saa, na unajificha tena gari likikaribia kusimama. Wewe umeubeba kutoka Sakina mpaka Kijenge kwenye foleni, tena kwenye Runx inayovutwa na matairi ya mbele. Hata ungekamata upepo wa kutosha, ungekandamiza matairi ambayo hayavuti. Unachopata kwa uhakika ni matundu ya skrubu yanayoingiza maji ya mvua, kisha kutu.

"Silinda sita ndiyo spoti, nne ni ya mama wa sokoni." Altezza AS200 ina silinda sita na farasi 160. Altezza RS200 ina silinda nne, farasi 210 na gia sita za mkono. Nimemaliza. Na hata hiyo RS200 ni saluni yenye damu ya mbio, si gari la michezo. Ukitaka kuliona lenyewe, tafuta Mazda Roadster ya 1989: viti viwili, injini mbele, matairi ya nyuma yanasukuma, lita 1.6, farasi kama 115, uzito chini ya tani. Mark X inaliacha kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona za kupanda Marangu, mwenye Mark X ataomba msamaha.

Rimu za inchi 19: uzito unaozunguka chini ya springi ndio uzito mbaya kuliko wote, kwa kuwa kila tairi likiruka springi na shokapu zinapaswa kuuzuia. Toyota GT86 ya 2012 ilitoka na rimu za 17 na matairi ya upana wa 215, membamba kwa makusudi, dereva alisikie gari. Badala ya rimu, soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi. 3218 maana yake lilitengenezwa wiki ya 32, mwaka 2018. Tairi la mtumba la zamani lenye kashata ndefu ni gumu hata kama linang'aa, na mimi silifungi kwenye gari la mtu anayeniambia anapenda mwendo.

Gia za mkono nazipenda, najitangaza. Lakini hazifanyi gari kuwa la michezo. 911 GT3 ya 2013 iliuzwa na gia zinazojibadilisha tu, na zilikuwa za haraka kuliko mkono wa mtu yeyote. Za mkono zilirudi 2017 kwa sababu wateja walizililia. Ni suala la ladha, kama kupenda ndizi za Moshi.

Kutoa masega, ile chujio ya moshi ndani ya eksozi, ili "injini ipumue": unapata kelele, taa ya injini kwenye dashibodi, na farasi wachache ambao huwezi kuwasikia. Ukiona gari lako linavuta vizuri Dar na hapa limelegea, hapa ni mita 1,400 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani, inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Masega hayahusiki.

Halafu kuna wanaopaka kaliper, zile chuma zinazobana breki, rangi nyekundu. Pakeni, haina madhara. Ila mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na yakishajaa maji yanachemka haraka. Ukishuka kutoka Marangu kuja Himo ukiwa umekanyaga breki muda wote, pedali inaweza kuzama mpaka sakafuni. Yabadilisheni kila baada ya miaka miwili. Chupa moja ni bei ndogo kuliko hiyo rangi.